Usimwite Mama Pili mpaka umwone akinyonyesha

Kwa miezi miwili mizima daftari langu lilikuwa na tumbili aliyeitwa Bi Mkubwa. Nilimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi alikalia kichuguu kilekile nyuma ya miembe, kifua mbele, na kila aliyepita alimpisha. Nikaandika: jike, mzee, kichwa cha ukoo. Nikamchorea hadi nasaba, watoto wanne chini yake. Halafu Jumamosi moja kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria upande wa pili wa kichuguu akanisalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Samahani, Mwalimu, huyo unayemwandika ni dume au jike?"

"Jike."

Akanyamaza kidogo, kwa adabu. "Basi hebu njoo usimame huku nilipo mimi."

Nikazunguka. Dume la tumbili lililokomaa lina korodani za buluu, buluu iliyoiva kama ya ndoo ya plastiki, na ukilitazama kwa nyuma huhitaji cheti chochote kulitambua. Mimi nimefundisha biolojia ya sekondari miaka 31. Nilimshukuru yule kijana, nikafuta nasaba nzima, na tangu siku hiyo nina sharti moja ambalo nawapa wote wanaotaka kuja kukaa nami kichakani: undugu wa wanyama hawa hauandikwi siku ya kwanza. Andika unachokiona, hesabu, halafu ndugu watajitokeza wenyewe.

Nitaeleza ninavyofanya, makosa yakiwemo.

Vifaa havina gharama. Kaunta buku la kwaya mbili, penseli tatu na kichongeo. Usitumie kalamu ya wino. Masika moja yalinifutia kurasa zote za Aprili, nikabaki na madoa ya buluu. Darubini ukiipata ni vizuri, lakini mwaka wa kwanza sikuwa nayo na tumbili wa karibu na nyumba za watu huhitaji macho tu. Simu ya kuweka alamu. Khanga ya kukalia, ambayo ina kazi nyingine nitakayoisema. Nguo za rangi ya kufifia, na zilezile kila ukienda, ili wakuzoee kama wanavyozoea nguzo ya umeme.

Kuhusu saa, kubalianeni kabla hamjaanza. Mjukuu wangu alinisaidia likizo moja. Mimi niliandika saa 1:10 kwa maana ya asubuhi kama tunavyosema, yeye akasoma kwenye simu na kuandika 7:10. Nilipojumlisha daftari mbili ikaonekana kundi langu linatafutana chawa asubuhi na kurudia tena saa saba mchana juani, wakati ambao kwa kweli huwa wamelala matawini miguu ikining'inia. Ilinichukua siku mbili kugundua. Sasa ukurasa wa kwanza wa kila daftari umeandikwa kwa herufi kubwa: SAA YA KISWAHILI.

Kundi lipi? Hapa Dar chaguo jepesi ni tumbili. Mimi naishi Changanyikeni, kwa hiyo wangu ni hawa wa vichaka na miembe ya upande huu wa Mlimani. Wanatembea chini, wanakaa mahali pa wazi, na wameshazoea watu. Kima ni wagumu zaidi: hupenda juu kwenye majani mazito, na utatumia nusu ya asubuhi kutazama mkia unaoning'inia usijue ni wa nani. Ukiweza kwenda upande wa Kisarawe kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambako yumo hata komba wa Rondo, kamnyama adimu ka gramu 60 hivi. Lakini huyo ni wa usiku, na kazi ya usiku si ya mtu anayeanza. Nyani ndio wazuri kuliko wote kwa somo hili, ila ni wakubwa na meno yao si ya mchezo. Abiria wote wa mabasi ya Iringa na Mbeya wamewaona pembeni ya barabara pale Mikumi.

Kukaa nje ya uzio wako na kutazama hakuhitaji ruhusa ya mtu, ila usiingie kwenye kiwanja cha watu bila hodi. Ukitaka iwe utafiti wenyewe, wa kuchapisha, anza kwa kuuliza TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na mtafiti anayetoka nje ya nchi lazima awe na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Misitu ya hifadhi kama Pugu iko chini ya TFS, wakala wa misitu. Wasipokujua wao, mlinzi atakutoa, na atakuwa na haki.

Usiwape chakula. Hata ganda la ndizi. Najua wanakuja wenyewe, najua mtoto wao anakutazama kama wako. Kule Gombe, katika miaka ya 1960, sokwe waliwekewa ndizi ili waonekane kwa urahisi, na matokeo yake walirundikana mahali pamoja na ugomvi ukaongezeka, baina yao wenyewe na baina yao na nyani. Ukimtupia tumbili ndizi utakuwa umeona tabia ya tumbili mbele ya ndizi, basi. Sababu ya pili ni magonjwa: mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipata polio, na wageni wanaokwenda kuwaona sokwe wa Mahale leo huvaa barakoa na kukaa umbali wa mita 10. Mafua yako yanawapata. Na wakikuuma wao, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama kitavimba.

Wiki tatu za kwanza usiandike tabia yoyote. Jifunze sura. Hili ndilo watu wanaliruka, na ndilo lililonipa Bi Mkubwa. Kila tumbili apate ukurasa wake: sikio lililochanika liko upande gani, mkia umepinda wapi, kovu, kidole kilichokatika, rangi ya nyusi. Mzunguke mpaka umwone mbele na nyuma. Jike lililowahi kunyonyesha lina chuchu ndefu zinazoonekana. Jike changa chuchu zake ni vidoa. Mtoto mchanga ana manyoya meusi na uso wa waridi, na baada ya miezi michache uso hukolea weusi na manyoya kugeuka kijivu, kwa hiyo rangi yenyewe ni kalenda ya kuzaliwa. Mimba yao ni kama miezi mitano na nusu, na huzaa mtoto mmoja. Rudisha nyuma siku utajua mambo yalianza lini.

Majina toa kwa alama, si kwa tabia. Wangu ni Kigutu, ambaye mkia wake umekatika, Pengo mwenye sikio lililoliwa, Shungi, Doa, na Pili, ambaye ni Pili kwa sababu alikuwa wa pili kutambuliwa, basi. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kumwita wake Mchoyo. Kila alichofanya mnyama yule baada ya hapo kikaandikwa kuwa ni uchoyo. Na sisi Waswahili tuna mtego wetu wa ziada: tunapenda kumwita mtu kwa mtoto wake. Ukishaandika Mama Pili, macho yako yameshahukumu. Mtoto akibebwa na mwingine utasema kaazimwa. Ngoja umwone akinyonya, tena siku mbili tofauti.

Maana hawa wanabebeana watoto kupita kiasi. Mwezi wa Desemba mmoja niliona kitoto cheusi kikibebwa na majike manne asubuhi moja. Vijike ambavyo havijazaa ndivyo vinavyogombea zaidi: vinakinyakua, vinakikumbatia kichwa chini miguu juu, kikilia vinakiacha. Mama yu pembeni anakula. Ningeandika kwa mwono wa kwanza tu, mtoto yule angekuwa na mama wanne.

Sasa kuandika kwenyewe. Mwaka 1974 Jeanne Altmann, aliyekuwa akifuatilia nyani wa Amboseli, Kenya, alichapisha makala kuhusu namna ya kuchukua sampuli za tabia, na mpaka leo watu wa fani hii wanaisoma. Nilichokichota humo ni kwamba macho yanapenda vurugu. Ukiandika chochote kinachokuvutia, daftari litajaa ngumi na makelele, na ukimya wa saa nzima wa majike wawili waliokaa mgongo kwa mgongo hautaingia kabisa. Undugu uko kwenye ule ukimya.

Dawa yake ni alamu. Simu yangu inatetemeka kila baada ya dakika 10. Ikitetemeka, napitisha macho kutoka kushoto kwenda kulia na kwa kila tumbili ninayemwona naandika mambo mawili: anafanya nini sekunde hiyo, na nani yuko naye karibu. Karibu maana yake nini? Hapo ndipo khanga inapoingia. Urefu wa khanga moja ni kama mita moja na nusu, na mimi nimeikalia, naijua. Aliye ndani ya urefu wa khanga ni jirani. Aliye nje si jirani, hata kama moyo unaniambia wanapendana. Saa mbili za asubuhi zinanipa mizunguko 12. Kati ya alamu na alamu namfuata mmoja tu, aliyepangwa kwa zamu tangu nyumbani, na kumwandika kila anachofanya hata kama ni kujikuna. Zamu ni zamu. Ikiwa ni siku ya Doa na Shungi anapigana, pole yangu.

Ukurasa wangu unasomeka hivi:

Saa 1:20. Kigutu anachambuliwa na Pili. Doa anakula, peke yake. Pengo haonekani.
Saa 1:30. Kigutu na Pili karibu, wamekaa tu. Mtoto mweusi kwa Pili, tumboni, ananyonya. Shungi anapita, Doa anampisha.
Saa 1:40. Pili anachambuliwa na Kigutu. Mtoto kwa Doa.

Angalia kitenzi. Kuchambua manyoya kuna mwenye kuchambua na mwenye kuchambuliwa, na ukiandika "wanachambuana" umepoteza nusu ya habari. Nani anaanza, nani anajilaza kuomba achambuliwe, nani anatoa zaidi ya anachopokea. Kumpisha mwenzako nako kuandikwe kila mara kwa jina: nani kampisha nani. Kwa muda, kutokana na kupishana huko peke yake, utapata ngazi nzima ya ukubwa bila kuona hata pambano moja.

Kuhesabu si kugumu, darasa la saba anaweza. Chukua Kigutu na Pili. Tuseme Kigutu umemwona kwenye mizunguko 80, Pili kwenye 60, na mara 30 walikuwa karibu. Mizunguko ambamo alionekana angalau mmoja wao ni 80 jumlisha 60 toa 30, yaani 110. Gawa 30 kwa 110, unapata 0.27. Sasa Kigutu na Shungi: 80, 70, na karibu mara 10. Hapo ni 10 kwa 140, yaani 0.07. Usilinganishe zile 30 na 10 peke yake, kwa sababu tumbili anayeonekana sana ataonekana rafiki wa kila mtu. Jedwali la kundi la watu kumi na wawili, nisamehe, la tumbili kumi na wawili, linaenea kwenye ukurasa mmoja. Mimi hupaka penseli nyeusi zaidi pale namba ilipo kubwa. Ukiliinua juu na kulitazama kwa mbali utaona mabaka. Mabaka hayo ndiyo milango ya nyumba zao.

Nisingeshauri umwite yeyote ndugu kabla ya miezi sita ya mabaka.

Hapa ndipo Kiswahili kinanisaidia kuliko lugha niliyofundishiwa biolojia. Kwa tumbili, jike hubaki kwenye kundi alilozaliwa maisha yake yote, na dume likikomaa, kwenye miaka mitano hivi, huhama kwenda kundi jingine. Weka hilo mbele ya maneno yetu ya ukoo uone kinachotokea. Mtoto anakua katikati ya mama, bibi mzaa mama, mama mkubwa, mama mdogo, na watoto wa mama mdogo ambao sisi wenyewe tunawaita kaka na dada tu. Shangazi? Hana. Baba alitoka kwingine, na dada zake aliwaacha huko. Mjomba anaye, lakini mjomba wa tumbili ni msafiri: atacheza na mpwa wake mwaka mmoja au miwili halafu siku moja hayupo. Kwa hiyo ukiniletea daftari lenye shangazi wa tumbili najua hukuona, umekisia.

Sokwe ni kinyume. Madume hubaki, na majike wengi hukua wakaondoka. Pale mama ndiye mgeni, kama bibi harusi aliyeletwa kutoka mbali, na mtoto amezungukwa na baba wakubwa na baba wadogo. Gombe wapo mabinti waliobaki. Fifi, binti wa Flo, alibaki kwao akazaa hapo. Ndiyo maana usihamishe sheria ya mnyama mmoja kwenda kwa mwingine kwa kuwa wote wana mikono.

Na nyani wana jambo litakalowaudhi vifungua mimba wote wanaosoma hapa. Binti wa nyani hurithi cheo chini kidogo ya mama yake, na kwa kawaida kitinda mimba huwapita dada zake wakubwa. Mdogo akizaliwa, dada anashuka ngazi. Mimi ni mzaliwa wa kwanza katika watoto saba, na nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikaenda kupika.

Kama unajiuliza wao wenyewe wanajuana au sisi ndio tunawapachika, jibu lilitafutwa kwa tumbili. Dorothy Cheney na Robert Seyfarth, huko Amboseli, walirekodi vilio vya watoto, wakaficha spika kichakani na kuvipiga wakati majike wametulia na watoto hawako mbele yao. Mama mwenye mtoto aligeukia kwenye spika. Kilichonipendeza ni majirani: wao walimgeukia mama. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1980. Wewe huna spika, wala usijaribu kuwachezea sauti kwa simu, utawasumbua bure. Lakini watoto hulia kila siku. Kikilia, usitazame kinacholia. Tazama majike waliokaa, na andika shingo zinageukia wapi. Imenitokea mara nyingi shingo tatu zikanionyesha mama ambaye sikuwa nimemdhania, nami nikaenda kumthibitisha kwa kunyonyesha.

Baba ni habari nyingine. Utafiti wa vinasaba vya nyani wa Amboseli, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba madume huwasaidia watoto wao wenyewe kwenye ugomvi kuliko wanavyowasaidia wa wengine, ingawa majike hupandwa na zaidi ya dume moja. Kwa hiyo baba wapo na kwa namna fulani wanajua. Lakini hilo lilihitaji maabara. Kwa penseli haiwezekani. Kila ukurasa wa mtoto una safu ya baba, na safu hiyo iachwe wazi. Usiandike dume kubwa kuliko wote kwa sababu tu ni kubwa. Usiandike hata kwa kufuata sura. Tumbili wote wana uso mweusi na fremu nyeupe, utajidanganya.

Ukirudi nyumbani nakili siku hiyohiyo, kabla ya chai kama unaweza, kwenye daftari la pili. Vifupisho vyako vya asubuhi havitasomeka keshokutwa. Daftari la pili lisitoke nje. La kwanza linaweza kunyeshewa, kuibwa, au kama langu moja, kuchukuliwa na Pengo mwenyewe, aliyepanda nalo mwembeni akachana kurasa moja baada ya nyingine akizinusa.

Bi Mkubwa nilimpa jina jipya siku ileile, Bwana Mkubwa, kinyume cha sharti langu la alama, lakini jina lilikuwa limeshamshika. Aliendelea kukalia kichuguu miezi kumi na mmoja. Katika muda huo walizaliwa watoto watatu, mmoja wa Pili, na wote safu zao za baba ziko tupu. Halafu Jumamosi moja kichuguu kilikuwa na dume jingine lenye jeraha bichi shavuni. Yule kijana wa bodaboda akaniambia alimwona wetu Alhamisi jioni akivuka barabara peke yake. Nikaandika tarehe, saa ya Kiswahili, jina la aliyeniambia, na upande alioelekea: Makongo.